Wapi pa Kuzeekea? Wazee wa Unguja na Nchi Walizochagua

Kila mwaka kijitabu hiki cha kuchangia maendeleo ya kwetu hutenga kurasa chache kwa ajili ya historia. Mwaka huu tumechagua jambo linalozungumzwa sana barazani, harusini na kwenye simu za usiku baina ya Unguja, Maskati, Dubai, London na Toronto: mtu akishapindukia miaka 60, akastaafu, watoto wakawa na majumba yao, akazeekee wapi? Abaki alipo? Amfuate mtoto nchi nyingine? Au arudi nyumbani?

Wengi wetu tunaliona swali hili kuwa ni jipya, limeletwa na ndege na pasipoti. Si jipya. Mji wetu umekuwa ukilijibu kwa karibu miaka 200. Kuna walioichagua Unguja wakiwa watu wazima, kuna walioikosa uzeeni, na kuna ambao hawakuulizwa kabisa. Tukiwapanga wazee hao mmoja baada ya mwingine tunaona kwamba nchi ya kuzeekea mara nyingi huchaguliwa na karatasi na kipato kabla haijachaguliwa na moyo. Moyo hupata nafasi yake pale tu ambapo nyumbani pamebaki mahali panapokalika.

Aliyechagua kwa hiari

Mashuhuri zaidi kati ya waliohama nchi ukubwani wakaichagua Unguja ni Seyyid Said bin Sultan. Alizaliwa Oman mwaka 1791 na kushika utawala akiwa kijana mdogo. Alifika Unguja kwa mara ya kwanza mwaka 1828, akajenga kasri lake Mtoni, na ilipofika mwaka 1840 makao ya dola yake yalikuwa hapa, si Maskati tena. Wakati huo alikuwa anakaribia miaka 50.

Alikuwa na sababu za mtu mzima anayepima mambo. Unguja ilikuwa na bandari nzuri, maji matamu, na udongo uliokubali karafuu. Oman ilimchosha kwa ugomvi wa makabila, na Mombasa ilikuwa mikononi mwa Mazrui, waliompinga mpaka mwaka 1837. Kwa lugha ya leo tungesema alitazama usalama, kipato na hali ya hewa.

Lakini hakufunga njia ya nyuma. Aliendelea kwenda Oman na kurudi, na mwaka 1856 mauti yalimkuta baharini, karibu na Shelisheli, akiwa safarini kutoka Oman kuja Unguja. Akazikwa hapa mjini. Kwake yeye pande zote mbili za bahari zilikuwa dola moja, kwa hiyo kuchagua upande mmoja hakukumnyang'anya wa pili.

Neema hiyo haikudumu. Tarehe 2 Aprili 1861, Lord Canning, mwakilishi wa Malkia wa Uingereza huko India, aliamua ugomvi wa wanawe Seyyid Said kwa kuigawa dola: Unguja ikabaki kwa Seyyid Majid, Oman ikabaki kwa Seyyid Thuwaini, na Unguja ikatakiwa kuilipa Maskati riali 40,000 kila mwaka. Tangu hapo familia zilizokuwa na ndugu pande mbili zikajikuta zina nchi mbili.

Wasioulizwa wanapotaka kukaa

Haki ya historia inatutaka tuseme na upande wa pili. Mikarafuu iliyompa Seyyid Said kipato ilipandwa na kuchumwa na watumwa walioletwa kutoka bara: Wayao, Wanyamwezi, Wamanyema, Wanyasa na wengine wengi. Hawa walizeeka Unguja bila ya kuichagua. Wajukuu zao ni sisi. Hakuna mtaa wa mji wetu ambao damu yao haimo.

Tarehe 6 Aprili 1897, chini ya Seyyid Hamoud bin Muhammed na shinikizo la Waingereza, ilitoka amri ya kuondoa hadhi ya kisheria ya utumwa katika Unguja na Pemba. Masuria waliachwa nje ya amri hiyo mpaka mwaka 1909. Ndani yake kuna sharti moja la kukumbukwa: aliyetambuliwa kuwa huru alitakiwa aoneshe kwamba ana makao maalumu na njia ya kujikimu, la sivyo angehesabiwa mzururaji.

Makao na njia ya kujikimu. Mtu yeyote aliyewahi kuomba kibali cha ukaazi katika nchi ya watu ameulizwa mambo hayo hayo mawili. Kwa mzee wa mwaka 1897, aliyefanya kazi maisha yake yote bila ya ujira, sharti hilo lilikuwa zito mno. Wengine walibaki kwenye mashamba ya mabwana zao wa zamani, wakipalilia ili waruhusiwe kuweka kibanda na kulima muhogo. Wengine walivuka mkono wa bahari uliokuwa ukitenganisha Mji Mkongwe na upande wa pili, wakajenga vibanda vya udongo na makuti. Upande huo ukaitwa Ng'ambo. Leo tunasema mtu "yuko ng'ambo" tukimaanisha Ulaya au Arabuni, na tunasahau kwamba ng'ambo ya mwanzo ya wengi wetu ilikuwa umbali wa kuvuka daraja tu, na walivuka kwa sababu ile ile: kutafuta pa kukaa pasipokuwa na bwana.

Binti Mtoni na nchi ya katikati

Kisa cha Seyyida Salme wengi wanakijua nusu yake ya mwanzo. Binti huyu wa Seyyid Said alizaliwa kasri la Mtoni mwaka 1844. Mwaka 1866 aliondoka Unguja kwa siri kwa manowari ya Kiingereza, na mwaka uliofuata huko Aden alibatizwa, akaitwa Emily na kuolewa na mfanyabiashara wa Kijerumani, Heinrich Ruete. Wakahamia Hamburg. Mwaka 1870 mume alikufa kwa ajali ya tramu, akamwachia mjane huyo kijana watoto watatu wadogo.

Nusu ya pili ndiyo inayotuhusu hapa. Mwaka 1885 alirudi Unguja akidai urithi wake, na mwaka 1888 akarudi tena. Mara zote mbili hakufanikiwa. Kwa ndugu zake alikuwa ameshatoka katika dini na katika ukoo. Basi alipokuwa na miaka 40 na ushei alikuwa na nchi mbili, na zote mbili zilimpwaya: ya kuzaliwa haikumpokea, na ya ndoa, alivyoandika mwenyewe katika kumbukumbu zake zilizochapwa mwaka 1886, ilimwelemea kwa baridi na upweke.

Alichagua ya tatu. Alikwenda Jaffa kisha Beirut, akakaa huko takriban miaka 25, mpaka mwaka 1914. Huko kulikuwa na bahari, jua, adhana na Kiarabu alichokulia nacho. Haikuwa Unguja, lakini ilikuwa karibu na Unguja kuliko Ujerumani. Wengi wetu tunaijua hesabu hiyo: akikosekana nyumbani, mtu hutafuta panapofanana na nyumbani. Mwishowe alirudi Ujerumani kwa watoto wake, akafariki Jena mwaka 1924, akazikwa Hamburg. Inasimuliwa kwamba katika vitu vyake ulikutwa mfuko mdogo wa mchanga wa pwani ya Unguja, akazikwa nao.

Jamaa yake, Seyyid Khalid bin Barghash, alipata hatima nyingine. Baada ya vita vifupi vya tarehe 27 Agosti 1896 alikimbilia ubalozi wa Kijerumani na kisha Dar es Salaam. Waingereza walimkamata mwaka 1916 wakampeleka Saint Helena na Shelisheli. Mwishoni waliruhusu arudi Afrika Mashariki, na akafia Mombasa mwaka 1927. Mombasa aliweza kuzeekea. Unguja hakuiona tena.

Mwaka 1964: kuchagua kwa haraka

Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 tunayaheshimu kwa namna tofauti kila nyumba, na kurasa hizi si mahali pa kubishania. Tunaangalia jambo moja: watu wengi wenye umri mkubwa walilazimika kuchagua nchi katika siku au miezi michache, na kilichowaongoza kilikuwa karatasi waliyokuwa nayo mkononi.

Seyyid Jamshid bin Abdulla, sultani wa mwisho, aliondoka kwa meli yake akiwa na miaka 34. Hakuruhusiwa kushuka Mombasa. Alipitia Dar es Salaam akasafirishwa hadi Uingereza, na akaishi Portsmouth kwa zaidi ya nusu karne. Mzee Bomi Bulsara, Mparsi aliyekuwa mtunza fedha serikalini, alikuwa na zaidi ya miaka 50. Alikuwa mzaliwa wa Gujarat, lakini hakurudi India. Alikwenda na mkewe na watoto Feltham, pembezoni mwa London, akaanza upya na akazeekea Uingereza. Mwanawe Farrokh ndiye dunia iliyemjua baadaye kwa jina la Freddie Mercury. Watu hununua kanda za mtoto. Wachache hufikiri juu ya baba aliyeanza maisha upya katika umri ambao wenzake walikuwa wanahesabu siku za kustaafu.

Sheikh Abdulla Saleh Farsy, mwalimu wa wazee wetu wengi, alizaliwa Unguja mwaka 1912. Alihama mara mbili. Mwaka 1967, akiwa na miaka 55, alikwenda Kenya, na mwaka uliofuata akawa Kadhi Mkuu wa nchi ile. Tafsiri yake ya Qurani kwa Kiswahili ilitoka mwaka 1969. Akikaribia miaka 70 alihamia Oman, na akafariki Maskati mwaka 1982. Ukitazama miaka hiyo utaona kwamba sehemu kubwa ya matunda yake yalivunwa nje ya Unguja baada ya umri ambao wengi huuita wa mapumziko. Kuhama uzeeni hakukumzimisha, kwa sababu kila alikokwenda alikuta watu wa lugha yake waliohitaji elimu yake.

Na wapo waliokuwa upande wa Mapinduzi ambao nao hawakuzeekea nyumbani. Abdulrahman Babu, aliyezaliwa Unguja mwaka 1924 na kuwa waziri baada ya Mapinduzi, alitoka gerezani mwaka 1978, akaishi na kufundisha Marekani, kisha London. Alifariki London mwaka 1996, akaletwa kuzikwa Unguja. Huyu nchi ya kuzeekea ilikuwa moja, ya kuzikiwa nyingine.

Mlango wa Maskati

Tarehe 23 Julai 1970 Sultan Qaboos bin Said alichukua utawala wa Oman kutoka kwa baba yake. Nchi ilikuwa na mafuta yaliyoanza kuuzwa nje mwaka 1967, lakini skuli za kisasa zilikuwa 3 tu. Aliwaita Waomani waliokuwa nje warudi kujenga nchi. Wazanzibari wenye asili ya Oman, waliokuwa wametawanyika Dubai, Kuwait, Misri, Uingereza na Afrika Mashariki, waliitika kwa wingi. Walikuwa wamesoma, walijua Kiingereza, walikuwa walimu, wauguzi, makarani na wahandisi. Wizara, hospitali, kampuni ya mafuta na polisi ziliwahitaji.

Hapo pia karatasi ilitangulia. Ilibidi mtu athibitishe kabila na ukoo wake wa Oman, na mashahidi wa kabila wakubali kwamba ni wao. Familia moja iliweza kugawanyika: mwenye ukoo unaojulikana akaingia, jirani yake waliyekua pamoja mtaa mmoja akabaki nje. Na waliorudi "kwao" walikuta wengi wao hawajui Kiarabu vizuri na wanaitwa Wazanzibari. Uzeeni mwao, Kiswahili ndicho kilichobaki kuwa nyumba yao. Hadi leo ukikaa katika baadhi ya mitaa ya Maskati utasikia salamu, mizaha na hata ugomvi wa kwetu.

Mlango huo ulifunguliwa kwa wengi, lakini kwa Seyyid Jamshid ulichelewa. Ndugu na watoto wake walihamia Oman miaka ya 1980. Yeye aliomba zaidi ya mara moja na hakukubaliwa. Alikubaliwa mwaka 2020, akiwa na takriban miaka 91, apokewe kama mtu wa familia na si kama mfalme. Alifariki Maskati tarehe 30 Desemba 2024. Alitaka tu kuwa karibu na watu wake, na ilimchukua zaidi ya miaka 50.

Masharti ya leo

Tukirudi kwetu sisi tunaopiga hesabu hizo sasa, masharti yamebadilika sura tu.

Aliyefanya kazi Uingereza na kuchangia angalau miaka 10 anaweza kulipwa pensheni ya serikali popote duniani. Lakini akihamia Tanzania, Kenya au Oman, pensheni hiyo haiongezwi kila mwaka. Hubaki kiasi kile kile alichoanza nacho huku bei zikipanda. Na matibabu ya bure ya kule yanategemea kuwa mkaazi wa kule. Kwa Kanada, pensheni ya uzee hulipwa nje ya nchi kwa muda wote ikiwa mtu ameishi Kanada si chini ya miaka 20 baada ya kutimiza miaka 18. Anayepungukiwa na mwaka mmoja au miwili asikate tiketi kabla hajauliza.

Dubai sasa inatoa kibali cha wastaafu wa miaka 55 na zaidi, cha miaka 5, kinachoweza kuhuishwa, kwa mwenye nyumba, akiba au kipato cha kiwango kilichowekwa. Ni makao na njia ya kujikimu, kama amri ya 1897. Kenya imeruhusu uraia pacha tangu Katiba ya mwaka 2010. Tanzania hairuhusu kwa mtu mzima, ingawa Bunge limepitisha marekebisho ya sheria ya kuwapa Hadhi Maalumu watu wenye asili ya Tanzania walio na uraia wa nchi nyingine. Mambo ya ardhi ya Zanzibar yana sheria zake, kwa hiyo anayetaka kujenga aulize kwanza Zanzibar kwenyewe, asitegemee habari za mitandaoni.

Na nyumbani hapakukaa bure. Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilianza kumlipa kila mzee mkaazi aliyetimiza miaka 70 pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi, awe aliajiriwa au la. Kiasi kilikuwa kidogo, lakini maana yake ni kubwa: kwa mara ya kwanza mchuma karafuu na mwosha vyombo walitambuliwa kuwa nao ni wastaafu.

Marejeo ni ngamani

Wazee wa baharini wana msemo: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Hutumiwa kumwambia aliyetembea kwamba mwisho atarudi kwao. Lakini mabaharia hao hao walijua kwamba ngama ndiko maji yanakokusanyika, na asipokuwepo wa kuyafua, hapana pa kurudi, chombo kinazama.

Historia hii haimwambii mtu yeyote achague nchi fulani. Sheikh Farsy alizeeka vizuri nje, na Mzee Bulsara pia. Anayebaki London karibu na wajukuu na daktari wake hajaikosea Unguja. Inachotuonesha ni kwamba kila zama mlango wa nchi huuliza maswali mawili, utakaa wapi na utakula nini, na kuna swali la tatu ambalo hakuna ofisi inayouliza: nani atakuwa nawe ukiugua, na nani atakusomea khitma? Hilo hujibiwa na mtaa.

Ndiyo maana michango yetu si sadaka kwa wengine tu. Kituo cha afya chenye dawa za sukari na presha, maji yanayofika nyumbani kwa mzee asiyeweza kubeba ndoo, njia isiyojaa maji wakati wa masika, makaburi yaliyofyekwa: hivi ndivyo vinavyomfanya mtu wa miaka 70 aweze kusema "narudi" bila ya watoto wake kumkatalia kwa haki. Wazee waliobaki hapa wakati sisi tunaondoka wanavihitaji leo. Sisi tutavihitaji kesho, au angalau tutahitaji kujua kwamba viko.

Salme alirudi mara mbili akakuta mlango umefungwa. Wetu uko wazi. Kazi iliyobaki ni kufua maji, na kurasa zinazofuata zinaeleza miradi ya mwaka huu na namna ya kuchangia. Kila mmoja na atoe kwa kadiri alivyojaaliwa.